Dada wa Pili

Joelle alikuja Jumanne asubuhi, amevaa nyeusi, karatasi ameikunja ndani ya pochi. Mama yake alikuwa amefariki Jumapili. Nilikuwa nimeshasikia, sisi Wakongomani wa Durban tunaishi kama nyumba moja yenye kuta za pazia, mtu akikohoa Sydenham, wa Warwick anampa pole. Nilimpa kiti, nilimpa chai. Machozi sikumpa, sikuwa nayo. Akafungua karatasi, akanisomea kwa ile sauti yake nzuri ya shule maneno watakayoyatangaza siku ya maziko: mama mpendwa, mwanamke wa sala, mwanzilishi wa kampuni ya ushonaji ya Dada Wawili, aliyoianzisha peke yake kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwambia arudie hapo mwisho. Akarudia, "peke yake, kwa mikono yake mwenyewe." Hakuona kitu. Namsamehe, mwaka ule hakuwa hata amezaliwa. Akasema, "Mama Mapendo, tunaomba na wewe useme neno. Neno moja tu zuri. Wale waliomjua tangu mwanzo karibu wamekwisha, wa kusimama kusema umebaki wewe na Mama Tabitha, na Mama Tabitha sauti yake haitoki tena." Nikamjibu nitafikiri. Alipoondoka, mjukuu wangu Neema, ambaye alikuwa anakunja vitambaa pale mezani akijifanya hasikii, akaniuliza, "Koko, ulikuwa mfanyakazi wake?" Nikamwambia, "Kwanza nilikuwa mfanyakazi wake. Kisha nikawa ugonjwa wake."

Neema anaanza kazi Jumatatu, Pinetown, katika ofisi ya kiwanda cha nguo za kazi. Wiki nzima ananifuata nyuma kama kuku. Koko, siku ya kwanza mtu anauliza nini? Anauliza saa ya kula? Akiambiwa kuna miezi ya kujaribiwa, aseme sawa tu? Na baadaye akitaka kufungua kampuni yake mwenyewe, aanze na jina ao aanze na mashine? Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini maswali hayo nayajua kuliko mwalimu, kwa sababu yote niliyakosa kuuliza katika mwaka mmoja. Nilikotoka na njia niliyopita sitaandika hapa, kila mtu ana yake na zote zinafanana. Mimi naanzia mlangoni kwa mama yake Joelle, Yaya Clarisse, na yaya kwetu ni dada mkubwa.

Ilikuwa vyumba viwili, ghorofa ya pili, upande wa Warwick. Dirisha lilitazama chini kwenye taxi, wapiga debe wakipiga kelele tangu alfajiri, na moshi wa mahindi ya kuchoma ulipanda mpaka kwenye nguo za wateja, tukalazimika kuzifunika kwa shuka. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine mbili na meza ya kukatia iliyokuwa zamani mlango wa mtu. Cha nyuma kilikuwa jiko na godoro langu. Katikati pazia la maua mekundu, jembamba, lisilozuia hata harufu ya kitunguu. Yaya Clarisse alikuwa mwanamke mrefu, Kifaransa kinamtoka kama maji, Kiingereza pia, na alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, kana kwamba kuna mtu atamuita sasa hivi. Siku niliyofika aliishika mikono yangu, akaigeuza, akaangalia vidole.

"Unajua kushona?"

"Najua, yaya."

"Nani alikufundisha?"

"Njaa."

Akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Weye uko wangu," akasema. Mimi mjinga nikafikiri ni upendo. Alinipikia sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki yule wa chumvi, akanipakulia kwanza mimi kabla ya yeye. Sasa mtu aliyekupakulia kwanza, utafungua mdomo umuulize kazi yako inaitwaje? Utamuuliza ukiondoka unaondoka na nini? Kwetu aliyekupokea mlangoni amekuwa dada, na dada haombwi karatasi. Ukiomba, umemtukana, na habari itafika kanisani kabla yako. Wazungu wanaanza na karatasi kisha wanaanza kupendana. Sisi tulianza na kupendana, na karatasi tuliisikia kupitia pazia.

Kazi niliifanya kwa namna yangu. Namba zilinichanganya, sita na tisa kwangu ni ndugu mapacha, na tepu ya kupimia nilikuwa naiona kama nyoka mwenye madoa. Basi nilipima kwa uzi. Kila mteja na uzi wake mnene wa pamba: nilianzia ncha moja, nikazungusha kifuani, nikafunga fundo, nikarudi kwenye ncha ileile, nikazungusha kiunoni, fundo, kisha makalio, kisha mkono, kisha urefu, kila kipimo na aina yake ya fundo, moja jembamba, jingine nene, jingine la mara mbili. Kwenye ncha nilifunga kipande cha kitambaa cha kwanza alicholeta, nikautundika msumarini. Mwanamke akirudi baada ya miezi, namwambia, "Wewe ni yule wa kitenge cha samaki," na kabla hajakaa uzi wake uko mkononi mwangu. Walipenda sana. Walikuja na dada zao, mashemeji zao, na wanasema, "Tunataka yule wa nyuzi." Kuna jambo moja katika nyuzi zangu ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu, si kwa siri, ila hakuna aliyeuliza: fundo langu lilikaa kwenye ngozi kabisa. Nafasi ya kupumua niliiongeza wakati wa kukata, vidole vinne, kwa mkono, bila kufikiri, kama unavyotia chumvi.

Mwezi wa tano au wa sita, tunakula ugali na mboga ya lengalenga, Yaya Clarisse akaanza habari ya kampuni. Alisimama dirishani, anatafuna, anaonyesha mji kwa kijiko. "Mapendo, hatuwezi kuwa watu wa kushona tu. Shule zinataka yunifomu, kanisa zinataka, na kazi hawampi mtu, wanaipa kampuni. Tufungue yetu. Dada Wawili." Nilimuuliza kampuni inafunguliwa na nini. Akasema, na jina, na mtu mwenye makaratasi mazuri. Nikauliza kama mimi mwenye karatasi ya ukimbizi ya miezi mitatu mitatu naweza kuandikwa. Akasema, "Ah, weye usiogope, nitauliza." Dada Wawili! Niliosha vyombo siku ile nikiimba. Nilikuwa na miaka ishirini na tano na sijawahi kuitwa nusu ya kitu chochote.

Papa Désiré alikuja Alhamisi moja mchana. Huyu alikuwa mzee wa kwetu aliyejazia watu fomu, ana kalamu tatu kifuani na miwani yenye mguu mmoja wa waya. Yaya alinituma nyuma nikachemshe chai. Nasimama nimeshika sufuria, upande wa pili wa maua mekundu.

"Jina la kampuni?"

"Dada Wawili."

"Wakurugenzi?"

"Andika mie."

"Na huyu wa ndani? Jina si linasema wawili?"

"Yule?" Nikasikia kiti kinalia, amekaa, Clarisse ambaye hakai. "Yule ni mashine ya pili. Mashine inaandikwa wapi, papa?"

Papa Désiré alicheka kidogo, cheko la mtu anayetaka chai yake. Kalamu ikaendelea. Mimi nilimimina chai, nikaweka sukari, nikapeleka, nikasema, "Karibu, papa." Watu wanasema hasira ni moto. Yangu ilikuwa kama barafu ya kwenye friji ya zamani, ile inayokua polepole mpaka mlango haufungi.

Kibao kilipandishwa, kijani na nyeupe, DADA WAWILI, na wanawake wawili wamechorwa wanashikana mabega. Wateja walisimama chini wanapiga makofi. Mmoja akauliza, "Clarisse, dada wa pili ni nani?" Nilikuwa hapo hapo, nimeshika ngazi ya mchoraji. Yaya Clarisse akaweka mkono kifuani, akasema, "Ni dada yangu aliyebaki Kongo. Namkumbuka sana." Yule mama akatokwa na machozi. Mimi nikaendelea kushika ngazi. Nilimfikiria huyo dada wa Kongo siku nyingi, anakula nusu yangu bila kushona hata kifungo.

Baada ya kampuni wakaja watu wakubwa, na watu wakubwa wanataka fundi mwenye cheti. Akaletwa Salum, Mtanzania wa Tanga, kijana mstaarabu mpaka inauma. Ana cheti ndani ya plastiki. Anasema naomba mkasi, anasema samahani kwa mashine ikikata uzi. Yaya Clarisse alimuiga nyuma ya mgongo wake, "Naomba, naomba, utafikiri anaomba dunia nzima," lakini mbele yake alimuita monsieur. Akaniambia, "Mapendo, mie nataka upumzike kidogo. Monsieur atakaa kwenye mashine yako. Weye utapika, utapokea wageni, utapima wanawake ju ya yeye ni mwanaume." Nikauliza, "Mpaka lini, yaya?" Akasema, "Eh! Sasa umeanza kuuliza maswali?" Basi nikarudi nyuma ya pazia, na maharagwe yangu, na kitunguu changu, nasikiliza mashine yangu inalia chini ya miguu ya mtu mwingine. Mashine yako unaijua sauti yake. Ilikuwa inakohoa kwenye kona kama nilivyoizoea, na mtu hakuipa mafuta.

Ndipo ikaja kazi ya kwaya. Wanawake arobaini wa kanisa letu, na kiongozi wao Mama Tabitha, mwanamke mwenye kifua cha kuimbia bila kipaza sauti. Pasaka makanisa ya miji mingi yangekutana Durban, na kwaya yetu ingeimba mbele ya wote, nguo mpya, kitenge cha buluu na ndege wa njano, imeshika mwili, mikono imebana. Yaya Clarisse alisema nguo zile zitaipeleka kampuni mbele ya kanisa zote za nchi, kila mama atauliza zimeshonwa wapi. Alisema kweli. Nilipima wote arobaini. Nyuzi arobaini, ndege arobaini wa njano kwenye ncha, kila ndege na jina la mwenyewe kwa kalamu. Nilimaliza, nikaosha mikono, nikaambiwa nimkabidhi monsieur na nimfundishe kuzisoma.

Tulikaa kwenye meza ya kukatia, nikamfunulia uzi wa Mama Tabitha. Fundo hili kifua, hili kiuno, hili makalio, jembamba ni mkono, la mwisho ni urefu. Kijana alifurahi kama ameonyeshwa hazina. "Dada Mapendo, hii ni akili kubwa," akasema, "chuoni hawakutufundisha." Akapitisha kidole kwenye fundo la kifua, akafikiri kidogo, kwa sababu alikuwa fundi wa kweli, akauliza lile swali ambalo mwaka mzima hakuna mtu aliyeniuliza.

"Samahani dada. Hapa nafasi ya kupumua imo tayari, au niongeze mimi?"

Upande wa dirisha Yaya Clarisse alikuwa anaongea na mteja kwenye simu, anasema, "Ndiyo, mie mwenyewe napima, mie mwenyewe nakata." Nilimsikia. Nikamtazama Salum machoni.

"Iko," nikasema.

Neno moja. Nimeishi miaka mingi na neno hilo na bado lina ladha. Nimelisema kwa Salum peke yake baadaye, na leo naliandika. Wanaotaka kunihukumu wanikute dukani, tunafungua saa mbili.

Nguo zilifika Jumamosi, siku moja kabla, kwa sababu kampuni mpya haijui kukataa kazi. Wanawake walizijaribu wamesimama wima mbele ya kioo, matumbo wameyavuta ndani, mikono chini. "Inashika vizuri!" wanasema. "Nimekuwa msichana!" Yaya Clarisse aligawa nguo na kadi za kampuni. Mimi niligawa juisi. Jumapili nilikwenda mapema, nikakaa benchi la tatu, mahali ambapo ninaona kwaya yote na ninaona kofia ya Clarisse, kofia kubwa nyeupe, amekaa mbele na wake za wachungaji. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, mikono imekunjwa, arobaini wa buluu kama picha kwenye kalenda. Watu wa miji mingine wanageuka wanaulizana. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea, kwamba Salum aliongeza vidole vyake mwenyewe. Kisha ngoma ikabadilika, Mama Tabitha akavuta pumzi, ile pumzi yake ya kuamsha mtaa, akainua mikono miwili mbinguni.

Traaa.

Kwapa la kulia kwanza. Yeye mwenyewe alifikiri ni ngoma. Mstari wa nyuma wakainua, na ikawa kama bisi kwenye sufuria, pa, pa, zipu, mabega, mgongo wa mtu kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mmoja mikono ilikwama juu, haishuki, akabaki hivyo kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mpiga ngoma aliacha. Mchungaji akapaza sauti, "Haleluya!" kufunika aibu, na watu wa miji mingine wakajibu amina wakificha midomo. Wakatoka mmoja mmoja, wamejifunika kwa vitenge vya kuazima. Mimi sikucheka. Nilikaa nimenyooka kama mtu anayesikiliza neno la Mungu.

Uani kelele zilianza hata kabla ya sala ya mwisho. "Clarisse! Ulipima sisi ao ulipima watoto wetu?" "Mie kwapa langu limehubiri mbele ya pasta wa Johannesburg!" "Dada Wawili! Dada wawili na akili ngapi?" Mama Tabitha alisimama katikati na shuka mabegani. Yaya Clarisse kofia imeinama upande. Alitafuta kwa macho, akanipata pale karibu na bomba, akanyoosha kidole.

"Si mie nilipima! Ni huyu! Mapendo! Kampuni si yangu peke yangu, ni yetu wawili. Yeye njo dada wa pili! Mezire yote, kila kipimo, ni yake!"

Uwanja wote ukageuka. Miezi na miezi nilingoja kinywa kile kiseme maneno yale, nikiwa napika, nikiwa nafagia vipande vya nyuzi, na sasa yamesemwa mbele ya makanisa ya nchi nzima, na yamesemwa ili nipigwe mawe nayo. Ningeweza kukataa. Ningesema mimi ni mpishi tu, na watu wangeamini, si walinikuta jikoni. Nilifunga bomba, nikapangusa mikono.

"Mmemsikia wote?" nikasema. "Amesema kampuni ni yetu wawili. Ni kweli. Mimi ndiye dada wa pili, si wa Kongo, wa hapa. Nilipima mimi. Kukata sikukata, niliondolewa kwenye mashine, nyinyi wenyewe mlinikuta napika. Leteni nguo kwangu. Jumapili ijayo mtavaa na mtainua mikono mpaka mchoke."

Mama Tabitha akaivuta shuka mabegani. "Ni kweli," akasema. "Huyu tulimkuta na mwiko." Kisha akawaambia wenzake, "Tunapeleka nguo kwa Mapendo." Nikageuka kumtazama Clarisse. Alikuwa ameelewa alichokitoa mdomoni na kwamba hakirudi ndani. Sura ile nimeihifadhi. Siku ambazo mwili unauma na wateja wananisumbua, naitoa, naiangalia kidogo, narudisha.

Mama Tabitha alinipa sebule yake Sydenham, na mashine ya mkwewe. Nilifungua kila nguo kwapani, nikaweka kiraka cha pembe nne, nikaachia ubavuni pale kitambaa kiliporuhusu. Siku ya tatu, mchana, nikiwa na pini mdomoni, Yaya Clarisse akasimama mlangoni. Hakukaribishwa kukaa. Kwa kuwa alizoea kusimama, sikuona ubaya.

"Mapendo, nimeongea na Papa Désiré. Kesho twende, tunakuandika."

Nikatoa pini moja moja. "Nani?"

"Weye. Mkurugenzi. Sawasawa na mie."

"Na yule dada aliyebaki Kongo, tutamfanya nini?"

Alitazama sakafu. Alikuwa amekonda kwa siku tatu, nakubali. Alinilisha, nakubali. Sombe yake sijapata tena mahali. "Nilikupokea," akasema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa na mfuko mmoja wa plastiki."

"Ndiyo. Ulinipokea."

Akageuka kwenda, kisha akasimama. "Lakini mezire zile. Miezi yote hazikukosea hata mara moja. Ilikuwa namna gani?"

"Muulize mashine ya pili," nikasema.

Niliona neno linapita kwenye uso wake, linarudi nyuma mpaka kwenye pazia, mpaka kwenye chai. Alishika mlango. Akaondoka, na hakunisemesha tena mpaka Jumapili aliyokufa. Miaka yote hiyo kanisa moja, benchi mbili kati yetu. Kampuni yake haikufika Krismasi. Kibao kilibaki juu, wanawake wale wawili wakafifia na jua mpaka wakabaki mabega.

Jambo moja halinipi ladha. Salum hakuwa kanisani, yeye ni Mwislamu. Jumatatu alifika kazini na cheti chake akafukuzwa ngazini, hajui kosa. Nilimtafuta wiki mbili. Nilimkuta Warwick, kando ya wauza dawa za miti, anabadilisha zipu za suruali za watu wanaosubiri wamejifunga taulo. Nikamwambia yote, nimesimama. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa zipu. "Dada," akasema, "mimi nilikuuliza kwa adabu." Hilo tu. Ningependa angenitukana. Siku nyingine nikarudi, nikamwambia nataka kufungua kampuni na nataka yeye awe mwenzangu kwenye karatasi. Akasema, "Nafasi yangu imo tayari, au ndiyo ile 'iko' yako?" Nikamwambia aje mwenyewe aone kalamu ikiandika. Tulikwenda kwa Papa Désiré pamoja. Nilimfanya mzee asome kila mstari mara mbili: hapa nani anaandikwa, huyu akiondoka anaondoka na nini, nikifa nani anabaki, na hii karatasi yangu ya miezi mitatu inakatazwa na nani? Mzee akavua miwani. "Ile mara ya kwanza," akasema, "hakuna mtu aliyeniuliza." Salum alikaa nami mpaka aliporudi Tanga kuzika wazazi, na hapo nikajua kwamba mtu anaweza kukusamehe na bado akakuuliza kila kitu mara mbili.

Neema nilimwambia haya tu. Jumatatu, wakikupa chai nzuri, kunywa, kisha uliza. Uliza ukiwa bado unacheka nao. Uliza jina la kazi yako, uliza nani mkubwa wako, uliza mwisho ukoje, na usikie jibu likiandikwa. Na ukifungua yako, umuulize yule anayepika nyuma. Akaniuliza, "Koko, na kwenye maziko utasema nini?" Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Nilishona nguo yangu nyeusi nikiwa sijui.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sanduku zuri, maua, picha yake ya ujana amesimama, bila shaka. Kijana mmoja akasoma ile karatasi, akafika pale: peke yake, kwa mikono yake mwenyewe. Wamama wa kwaya, wazee sasa, wakaangalia magoti yao. Joelle akaniinamishia kichwa, macho mekundu, akaniletea mikrofoni. Nikasimama. Nilikuwa na maneno ya kujaza mwaka, na watoto wake wote wako pale mbele.

"Nimeombwa neno moja zuri," nikasema. "Siwezi kudanganya mbele ya sanduku, kwa hiyo nimelitafuta. Clarisse alikuwa na jicho. Kazi nzuri ikiwa mikononi mwa mtu, yeye aliiona kabla ya mwenyewe. Siku ya kwanza alishika mikono yangu, akaiangalia, akajua itambeba. Ikambeba. Tulikuwa wawili."

Joelle alinitazama, kisha akatazama karatasi. Kutoka nyuma Mama Tabitha, ambaye walisema sauti yake haitoki tena, akatoa amina iliyogonga mabati. Nikarudisha mikrofoni, nikakaa. Walipoleta wali na maharagwe, nilikula, nikaomba nyongeza.